Kisanduku cha Dungu

Ijumaa, Kibiti, alasiri. Mvua ya vuli inanyesha kivivu tangu asubuhi. Haikatiki, wala hainyeshi ya kueleweka. Bati la chumba cha kompyuta linavuja pale pale linapovuja kila mwaka, juu ya mashine ya nne kutoka mlangoni, na ndoo imekaa pale pale. Wanafunzi waliondoka mapema kwa ajili ya sala na hawakurudi. Laini ya simu imekufa kwa mvua, kwa hiyo haya yatangoja hadi mtandao urudi ndipo niyaweke hapa bloguni.

Huo muda wa kungoja ndio unaonitisha. Nikipewa nafasi ya kuyasoma tena, nitayafuta.

Wasomaji wangu wanne (nawajua wote, mmoja ni kaka yangu) mmezoea kunisoma nikilalamikia joto la huku, mbu, na viazi vya Njombe ninavyovikosa. Leo simlalamikii mtu. Leo nakiri.

Nilimdanganya Dada Mwanahawa.

Hilo si jina lake la kwenye cheti, na kisiwa chake sitakitaja. Ni muuguzi wa zahanati moja huko delta, Mndengereko wa huko huko, amenizidi miaka kama kumi na tano. Tangu tulipojuana ananiita mdogo wangu. Mimi ni mwalimu wa fizikia niliyeangukiwa na kazi ya kompyuta, kwa sababu siku mashine za msaada zilipoletwa shuleni ni mimi niliyekuwa na ufunguo wa maabara.

Tulijuana hivi. Zahanati yake iliachiwa kompyuta moja kuukuu na mradi uliofunga virago, na umeme wake aliuunga kwenye sola ya friji ya chanjo. Akaja nayo Kibiti imefungwa kwa khanga mbili, akaiweka mezani kwangu bila hata kukaa.

"Mdogo wangu, hii nimeambiwa ni ya kuandikia akina mama. Mbona miye yanisemesha Kizungu?"

Nilicheka. Kisha nikaona hacheki.

Nikatafuta mtandaoni, nikapata programu ya kliniki iliyoandikwa na watu wasionijua, wa nchi ambazo sitafika. Ilikuwa programu huria. Kwa lugha ya nyumbani, maana yake ni kwamba unapewa bure na unapewa pamoja na maandishi yake ya ndani, yale yanayoiendesha. Ukitaka kuibadili, unaibadili. Ukitaka kumpa jirani, unampa, na hakuna atakayekuja kukuuliza leseni.

Tulikaa nayo karibu miaka miwili, Jumamosi ambazo bahari ilimruhusu kuja. Mimi nafungua maandishi ya ndani, yeye anakaa pembeni na chupa ya chai ya tangawizi, ananipa neno la Kiswahili la kila kitufe. Hakuwa mtu wa kukubali lolote. Wapo wataalamu waliokwisha kutafsiri maneno ya kompyuta, nami nikayaleta kwa heshima zote, akayapitia moja moja kama mtu anayechambua mchele. Neno "mteja" alilikataa katakata. Siku hizi kila mtu ni mteja, hospitalini, benki, hata posta. "Mteja anunua," alisema. "Huyu azaa. Andika mama."

Nikaandika mama.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote tulivyofanya kilikuwa kisanduku kimoja tu.

Programu ilikuwa na mahali pa kuandika anwani ya mama: mtaa, namba ya nyumba, sanduku la posta. Dada Mwanahawa alitazama kioo, akaniuliza mimi mtu wa bara kama najua akina mama wake wanaishi wapi. Nikasema kijijini. Akasema nusu ya mwaka, ndiyo. Mvua ikishika, familia nzima inahamia kwenye mashamba ya mpunga, inakaa kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mpunga usiliwe na nguruwe mchana na usiku. Mama anahama na mimba yake. Kijijini mlango unafungwa kwa kamba, na muuguzi anaandika "hakuhudhuria."

"Nataka mahali pa kuandika dungu," akasema.

Mimi sikujua kuongeza kisanduku. Nikamwandikia mtu mmoja kati ya wale waandishi wa programu, mtu wa mbali nisiyejua hata kama ni mwanamke au mwanamume. Akanijibu siku ya tatu na maelezo ya mistari tisa. Nikakosea mara nyingi, nikaizima mashine kwa hasira mara mbili, nikalia mara moja. Ya mwisho ikakubali. Chini ya anwani pakatokea kisanduku kitupu, kirefu, na juu yake maneno: Dungu lake liko wapi.

Dada Mwanahawa akaipigapiga mashine mgongoni kwa kiganja, kama unavyompigapiga mtoto aliyemaliza uji.

Mwaka jana mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane alikosa kliniki mbili. Mara ya mwisho alipoonekana miguu yake ilikuwa imevimba. Dada Mwanahawa alifungua kisanduku, akasoma jinsi ya kufika: mkono wa mto wa pili, palipokatwa mikoko, dungu la tatu kushoto, uliza kwa shemeji yake. Akapanda mtumbwi. Alimkuta mama yule amelala chini ya dungu, kichwa kinamuuma, haoni vizuri, na mumewe anasubiri nguruwe wapungue ndipo ampeleke hospitali. Walimfikisha. Mtoto sasa anatembea.

Hicho ndicho kisanduku ninachokizungumzia. Mkikumbuke, kwa sababu nilikiuza.

*

Miezi kadhaa iliyopita tulisikia kwamba iko rasimu ya sera kuhusu kompyuta katika huduma za umma. Ndani yake mlikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba kabla ofisi yoyote ya umma haijanunua programu, itazame kwanza kama ipo ya huria inayoifaa. Sentensi moja tu, lakini kwetu ilikuwa kama mtu amefika delta, akatuona, akarudi kutuandika. Kungekuwa na semina Dar es Salaam ya kupokea maoni ya wadau. Zamani tulikuwa wananchi. Sasa tumekuwa wadau, na mdau huitwa hotelini.

Shule ilialikwa, nikateuliwa mimi.

Dada Mwanahawa akaniletea barua, ukurasa mmoja wa daftari, kalamu ya bluu, ule mwandiko wa wauguzi wa zamani unaolala upande. "Wasomee wote," akaniambia. "Usifupishe, mdogo wangu. Weye wajua kufupisha." Nilisoma mistari michache ya mwanzo njiani, nikaona nayajua yaliyomo, nikaikunja.

Semina ilikuwa katika ukumbi wenye baridi ya mashine, hadi nikajifunga khanga mabegani. Mbele alisimama bwana mmoja wa kampuni kubwa ya programu, ambayo nayo sitaitaja. Nilitegemea mgeni wa suti. Alikuwa Mswahili mwenzetu kabisa, mzaliwa wa Temeke, mcheshi, anayejua kumsalimia kila mtu kwa cheo chake. Hakuitukana programu huria hata kidogo. Alisema ni kitu kizuri, cha vijana wenye moyo. Ila, akasema, serikali isimchagulie mtu. Tulishaachana na enzi za kuchaguliwa sabuni na viberiti. Soko lichague. Sera isiwe na upande. Na kitu kisicho na mwenyewe kikiharibika, ndugu zangu, mtamshika nani shati?

Watu walitikisa vichwa kukubali. Nami nilitikisa.

Ninaandika hili kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi ya yote: yalinikaa akilini. Nilikumbuka foleni za duka la kijiji nilipokuwa mtoto, nikaona bwana huyu anasema kweli. Ilinichukua wiki nzima nyumbani kugundua kwamba pale kisiwani hakuna soko lolote linalokuja kumuuliza Dada Mwanahawa anachagua nini.

Halafu akaja mezani kwangu wakati wa chai. Anajua shule yetu. Anajua mashine zetu ni kuukuu na bati linavuja. Kampuni, akasema, inafikiria kuzipa shule chache za pwani kompyuta mpya, na programu zake ndani, leseni bure kwa miaka mitatu. Nikamuuliza baada ya miaka mitatu inakuwaje. Akacheka vizuri tu, akasema, "Mwalimu, tutakuwa hai, tutazungumza."

Nilizitaka zile kompyuta. Nilizitaka hadi mate yakanijaa mdomoni, nisiseme uongo tena katika ukurasa huu.

Wakati wa chakula cha mchana nilipita karibu na meza ya kona. Bwana wa Temeke alikuwa amekaa na mjumbe mmoja wa kamati inayoandika sera, rasimu iko katikati yao, kati ya sahani za pilau. Mjumbe anakula. Bwana ameshika kalamu, anapitisha mstari juu ya maneno fulani na kuandika mengine pembeni, taratibu, kama mwalimu anayesahihisha insha. Alipoona natazama hakuificha karatasi. Alinipungia.

Nikampungia.

Barua ya Dada Mwanahawa ilikuwa kwenye mkoba. Mchana ukafika muda wa maoni, mwenyekiti akauliza nani ana la kusema. Walisimama watatu, wote wa Dar, wote wakasema sera isiwe na upande. Nikaweka mkono mkobani nikaishika barua. Nikafikiria nitakavyosimama katikati ya watu wale kusoma habari za nguruwe na nguzo za miti, na lafudhi yangu ya Kibena. Nikafikiria kompyuta mpya. Nikautoa mkono mtupu.

Kabla ya kuondoka ikapita karatasi ya mahudhurio. Mnaijua desturi yetu. Ukurasa wa kwanza, wenye maelezo ya juu, unabaki mezani kwa katibu. Inayozunguka ni kurasa za nyuma, zenye mistari na safu tu: namba, jina, unakotoka, cheo, saini. Juu hapana kitu. Nimesaini karatasi za namna hiyo tangu nilipoanza kazi, kwenye vikao, warsha, hata misibani, na sijawahi kuuliza ukurasa wa kwanza unasema nini. Nani huuliza? Inakuja, unasaini, unampa wa pembeni, na mwisho wa chumba kuna bahasha yako na mkoba wenye nembo.

Nikasaini.

Niliporudi Kibiti, Dada Mwanahawa alikuwa ananisubiri kwa shangazi yake, hajafungua kinywa kwa chakula. Akaniuliza, "Umewasomea?" Ningeweza kusema nafasi haikupatikana. Uongo mdogo ungetosha. Badala yake nikasema nimeisoma yote.

Akauliza, "Wakasemaje?"

Nikasema walipiga makofi.

Alifurahi, jamani. Alikwenda uani kumwambia shangazi yake, nikamsikia akirudia kwa Kindengereko, sauti imepanda. Neno nililolielewa lilikuwa moja, Dar es Salaam.

*

Jana tuliitwa Utete, wilayani, walimu wa kompyuta na wauguzi wa zahanati zenye mashine. Sera imepita. Iligawiwa katika kitabu kidogo chenye picha ya mtoto anayecheka mbele ya kioo. Sentensi yetu haimo. Mahali pake pameandikwa kwamba huduma za umma zitatumia "programu zinazotambulika sokoni." Nilitambua ule mwendo wa maneno. Niliuona ukiandikwa juu ya pilau.

Mkufunzi akatuonyesha programu mpya, ambayo kampuni imeitoa kama zawadi kwa zahanati. Ni nzuri, inang'aa. Mama anaitwa mteja. Ya zamani itaondolewa ifikapo mwisho wa mwezi huu, mwezi ambao akina mama wanahamia mashambani.

Dada Mwanahawa alinyoosha mkono, akasimama, akasubiri hadi watu wanyamaze.

"Dungu naliandika wapi?"

Mkufunzi hakuelewa. Akaelezwa. Hakuwa mtu mbaya, kijana mpole tu aliyetumwa. Akatafuta, akafungua huku na huku, akasema hapana mahali. Kuongeza hawezi yeye, wala mimi, wala mtu yeyote wa nchi hii. Maandishi ya ndani yamefungwa. Ataandika ombi lipelekwe makao makuu ya kampuni. Akauliza tahajia ya neno dungu.

Dada Mwanahawa akaketi, akaanza kupekua kile kitabu kuanzia nyuma. Nyuma ndiko kulikokuwa na kiambatisho: tamko la wadau wanaopendekeza sentensi ile iondolewe. Chini ya tamko, kurasa mbili za majina na saini, zimepigwa picha kama zilivyo. Za mistari na safu. Sasa zilikuwa na maelezo juu yake.

Nilimwona akishuka na kidole. Kikafika namba kumi na saba, kikasimama.

Saini yangu ina mkia mrefu. Nilijivunia mkia ule tangu chuoni.

Akakifunga kitabu. Tulirudi na gari la ofisi, tumekaa kiti cha nyuma, mkoba wangu wenye nembo katikati yetu. Tulipofika Kibiti giza linaanza kuingia, akashuka, akazunguka upande wangu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuulizia chumvi:

"Walipiga makofi, Mwalimu?"

Mwalimu. Hajawahi kuniita hivyo.

Nikamwambia kweli yote pale pale, nimesimama kwenye tope. Hapana, sikuisoma. Hapana, sikujua nasaini nini, ila nilijua nanyamazia nini. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema asante, akaenda kwa shangazi yake.

*

Leo asubuhi, kabla simu haijafa, nilipiga kwa waandaaji Dar. Nikasema nataka jina langu litolewe, niliandika mahudhurio, sikuandika maoni. Dada wa upande wa pili alikuwa mwema. "Mwalimu, usijali, hiyo ni mahudhurio tu." Nikasema kitabuni imekuwa tamko. Akasema kitabu kimeshachapwa. Nikasema nitaandika barua. Akasema niandike, itapokelewa na kugongwa muhuri. Kisha akanipongeza: shule yetu imo kwenye orodha, kompyuta mpya zinafika Jumatatu, nitatakiwa kusaini kuzipokea.

Nikaweka simu chini, nikachukua karatasi.

Nimeandika barua. Nakala ya kamati, nakala ya waandaaji, nakala ya Utete. Haitabadili kitu na ninajua. Na Jumatatu je? Nikizikataa zile mashine, wanafunzi wangu watapiga chapa kwenye mashine kuukuu chini ya bati linalovuja kwa sababu ya aibu yangu mimi. Nikizipokea, mkia wa saini yangu utakwenda tena kwenye karatasi ya watu wale wale. Mkuu wa shule ameshaniambia nisilete siasa. Nimeuliza dhamiri yangu tangu asubuhi nayo inanijibu kwa sauti ya bwana wa Temeke.

Saa nane, baada ya sala, mlango ukafunguliwa. Dada Mwanahawa, pindo la buibui limelowa, mkononi ana kaunta buku mpya imefungwa kwa mfuko wa plastiki.

Hakukaa. Akanyoosha mkono. "Barua yangu."

Niliihamishia kwenye mkoba wenye nembo siku ile ya semina, na humo ilikuwa bado, imekunjwa vile vile. Nikampa. Akaifungua, akainyoosha kwenye ukingo wa meza, akasogea mbele ya darasa pale ninaposimama mimi kila siku. Akaanza kuisoma. Alisoma kwa sauti kubwa, polepole, akiinua macho kwenye kila nukta, kwa vioo kumi na viwili vilivyozimwa, na ndoo, na mimi. Hakufupisha.

Mstari wa mwisho nilikuwa sijawahi kuusikia.

Alipomaliza alibaki amesimama. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Niliitazama ikiwa mapajani, nikaiona ni mikono ya mtu aliyesema walipiga makofi. Bati lilidondosha, likadondosha.

Ndipo akasogeza kaunta buku mezani kwangu. "Una rula ndefu," akasema. "Nipigie mistari. Jina, umri, mimba ya ngapi, tarehe ya kurudi. Ya mwisho dungu. Hiyo iache pana, maelezo ya njia ni marefu."

Nikachukua rula.

Alikaa nami muda kidogo akitazama. Ile programu yake itaondolewa ikiwa na majina ya miaka miwili, na mengi ameyanakili kwa mkono tayari. Alianza, akaniambia, tangu aliposikia neno semina. Kesho anaondoka na maji ya asubuhi, kwa hiyo daftari liwe tayari kabla ya hapo. Mlangoni aligeuka akaiweka barua juu ya mashine ya kwanza.

"Kaa nayo," akasema. "Siku ukipata watu."

Nimefika ukurasa wa arobaini na mbili. Kidole cha shahada kimechubuka. Nimepumzika ili kuandika haya, na nitaendelea.

Jumatatu sijui. Ninachokijua ni cha leo. Ninyi mko wanne. Wanne ni watu. Naiweka hapa kama alivyoiandika, yote:

"Kwa wakubwa wa kamati na wote mliokutana. Salamu. Mimi ni muuguzi wa zahanati huku delta. Nimefanya kazi hii tangu ujana wangu. Akina mama wetu wana nyumba mbili, ya kijijini na ya shambani. Ya shambani ni dungu. Mvua ikinyesha wanahamia huko na wanakaa hadi mavuno. Zamani mama akikosa kliniki nilikuwa namsubiri, na wengine niliwasubiri sikuwaona tena. Sasa tuna programu ya kompyuta ambayo tumeweza kuifungua na kuandika ndani yake mahali dungu lilipo. Sikuijua kompyuta, lakini hili nimelielewa: ingekuwa imefungwa, tusingeweza. Nasikia mna sentensi inayosema watu watazame kwanza programu za namna hii. Naomba sentensi hiyo ibaki. Sisi hatuna njia ya kuja mara kwa mara kuwaomba, nauli na bahari vinatuzuia. Mkiitoa hatutajua ni lini mmeitoa, tutaona tu kwamba akina mama hawaonekani. Nisameheni kwa mwandiko. Anayewasomea ni mdogo wangu. Mkiwa na swali lolote muulizeni yeye, anayajua yote, na atakalolisema yeye nimelisema mimi."